Mwongozo wa Kuchagua, Kufufua na Kutumia Visu vya Jikoni vya Zamani na Vilivyofuliwa kwa Mkono

Kisu cha jikoni kilichofuliwa miaka mia moja iliyopita hakina thamani kwa sababu ya umri wake peke yake, bali kwa sababu ya chuma kilichobaki ndani yake. Kila kilipopita kwenye kinoo, kiasi fulani cha ubapa kiliondoka na hakitarudi, na kazi ya kwanza ya anayekinunua leo ni kukadiria kilichosalia kabla ya kuvutiwa na jina lililogongwa kando ya mpini. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mimi mwenyewe naufuata, yaani kukichunguza kisu kabla ya kukilipia, kukisafisha, kuyarekebisha makali, kukinoa, kisha kukitumia na kukihifadhi. Nachukulia kwamba kisu cha jikoni kinakusanywa ili kikate. Anayetaka visu vya kupanga kabatini tu anaweza kuiruka sehemu ya kunoa, ingawa sijui raha yake ni ipi.

Kwanza tukubaliane kuhusu majina ya viungo. Mgongo ni upande mnene ulio mkabala na makali. Kisigino ni ile sehemu ya makali iliyo karibu kabisa na mkono. Msuka ni ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini, na noleo ni pete inayoubana mpini pale msuka unapoingilia. Visu vingi vya Ulaya vina pia uvimbe wa chuma kati ya ubapa na mpini, ambao humu nitauita shingo. Shingo hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo ya visu vya zamani, na tutairudia.

Hatua ya kwanza: Amua mipaka ya mkusanyiko

Mkusanyaji asiye na mpaka huishia na sanduku la vyuma visivyokata. Chagua umbo moja, au mji mmoja wa wafua visu, au kipindi kimoja, ukakifahamu vizuri kabla ya kutanuka. Miji minne inatosha kumpa mtu kazi ya maisha. Sheffield nchini Uingereza ilikuwa na chama cha wafua visu kilichoundwa kisheria mwaka 1624. Solingen nchini Ujerumani ndiko iliko kampuni ya Zwilling J. A. Henckels, ambayo alama yake ya mapacha iliandikishwa mwaka 1731. Thiers nchini Ufaransa ndiko lilikotoka jina la Sabatier, na Sakai nchini Japani inajulikana hasa kwa visu vyenye makali ya upande mmoja.

Kwa anayeanza napendekeza kisu cha mpishi cha mtindo wa Kifaransa, cha chuma cha kaboni, chenye ubapa wa sentimita 20 hadi 25. Umbo lake linafaa kwa kazi nyingi, chuma chake kinanoleka bila kusumbua, na vilitengenezwa vingi kiasi kwamba kosa la kwanza halitakuwa kosa la kuharibu kitu adimu.

Hatua ya pili: Soma alama, lakini usiziamini zote

Maandishi yaliyogongwa kwenye ubapa husaidia kukadiria umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyojulikana kwa jina la McKinley, ilitaka bidhaa za kigeni zinazoingia nchini humo zionyeshe nchi zilikotengenezwa, na sharti hilo lilianza kutekelezwa mwaka 1891. Kwa hiyo kisu chenye neno «England» au «Germany» kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Kinyume chake hakithibitishi kitu, kwa kuwa kisu kilichotengenezwa kwa soko la nyumbani hakikuhitaji kutajiwa nchi. Vilevile, neno «stainless» haliwezi kuwapo kwenye kisu cha karne ya 19, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kilianza kufahamika katika biashara ya visu baada ya majaribio ya Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma, kule Sheffield mwaka 1913. Nalo jina la Solingen lilipewa ulinzi wa sheria nchini Ujerumani mwaka 1938.

Jina la Sabatier linahitaji tahadhari ya pekee. Halikuwa jina la kiwanda kimoja. Lilitumiwa na watengenezaji wengi, wengine wazuri sana na wengine wa kawaida, kila mmoja akiambatanisha alama yake ya kumtofautisha, kama vile herufi, nyota au mnyama. Muuzaji anayesema «hiki ni Sabatier» na kunyamaza hajakuambia chochote. Muulize ni Sabatier yupi.

Hatua ya tatu: Kichunguze kisu kabla ya kukilipia

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kishike kisu makali yakiwa juu, ukielekeze dirishani au kwenye taa, kisha uyatazame makali kwa urefu kama fundi seremala anavyotazama unyoofu wa ubao. Ukiona mstari wa mwanga unaong'aa kwenye makali, hayo ni makali butu, na hilo si neno, kwa sababu ubutu unaondoka. Unachotafuta ni mambo manne mengine.

La kwanza ni mpindo. Ubapa uliojipinda kidogo kuelekea upande mmoja unaweza kunyooshwa na mtu mwenye uzoefu ikiwa chuma chake si kigumu sana, lakini ubapa uliosokotwa kama kamba usiuguse.

La pili ni ufa. Mara nyingi ufa huanzia kwenye makali au pale ubapa unapokutana na shingo. Kishike kisu kwa vidole viwili kwenye mpini, ukigonge ubapa kwa ukucha. Chuma kizima hutoa mlio unaodumu kidogo, ilhali chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kipimo hiki si cha uhakika kwa visu vyenye mpini uliolegea, kwa hiyo kamilisha kwa macho na kwa lenzi ya kukuzia.

La tatu ni vishimo vya kutu. Kutu nyekundu ya juu haipaswi kumtisha mtu. Vishimo vilivyo katikati ya ubapa navyo ni makovu tu. Vishimo vilivyo ndani ya milimita mbili au tatu kutoka kwenye makali ndivyo hatari, kwa sababu kila utakaponoa utakifikia kimoja, na kila kimoja ni pengo.

La nne, ambalo wanunuzi wengi hawalioni, ni umbo lililopotea. Kilaze kisu kama kinachokata, makali yakigusa ubao bapa kabisa, na utazame mwanga ulioko chini yake. Kisu cha mtindo wa Kifaransa kinapaswa kugusa ubao kuanzia kisigino hadi karibu na theluthi ya mbele, kisha makali yapande taratibu kuelekea nchani. Miaka mingi ya kunolewa kwa fimbo ya chuma bila kufika kisiginoni huchimba bonde kwenye makali mbele ya shingo, huku shingo yenyewe, kwa kuwa ni nene na hainoleki kwa fimbo, ikibaki imechomoza chini. Matokeo yake unayaona ukikata kitunguu: vipande havitengani, bali vinabaki vimeshikana kwa utando mwembamba chini, na ukiinua kimoja vinafuatana kama shanga kwenye uzi. Kasoro hii inarekebishika, lakini marekebisho yanakula upana wa ubapa. Ikiwa ubapa umeshakonda na bonde ni la zaidi ya milimita mbili, mwachie muuzaji.

Angalia pia rangi. Doa la bluu au zambarau karibu na makali ni dalili kwamba kisu kiliwahi kupitishwa kwenye mashine ya umeme hadi kikapata moto. Chuma cha kaboni huanza kupata rangi ya nyasi kavu kwenye nyuzi joto zipatazo 200 za Selsiasi, na kikifika bluu, karibu na nyuzi 300, ugumu wake mwingi umeshaondoka mahali hapo. Kisu changu cha kwanza cha zamani kiliharibika hivyo: nilimkabidhi fundi kikiwa na makali butu na umbo kamili, nikarudishiwa kikiwa kinang'aa kama kioo, chembamba kwa milimita nne kisiginoni, na chenye utepe wa bluu nchani. Kwa miezi kadhaa sikuelewa kwa nini ncha hiyo ilikuwa ikijikunja kila baada ya siku mbili. Tangu hapo simpi mtu kisu ninachokithamini bila kuona anavyofanya kazi.

Mwisho, tazama mpini. Mbao nyeusi ngumu za jamii ya mpingo hudumu sana. Mpini unaofunguka kwenye viungo mara nyingi unaficha kutu iliyovimba juu ya msuka. Ukiona mwanya kati ya mbao na chuma, ingiza kipande cha karatasi ujue kina chake. Mipini myeupe inataka uangalifu wa aina nyingine. Pembe za ndovu zina mistari inayokatizana kwenye sehemu iliyokatwa, ilhali bandia za seluloidi, plastiki ya zamani, zina mistari iliyonyooka inayokwenda sambamba mno. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989, na nchi nyingi zina sheria zao juu ya hapo, hata kwa vitu vya kale, hivyo usivushe kisu cha namna hiyo mpaka wowote kabla ya kuuliza. Seluloidi nayo hushika moto haraka, na inapozeeka hutoa hewa yenye asidi inayoviozesha vyuma vya jirani. Ihifadhi mbali na visu vingine. Visu vyenye mapambo au shingo za metali laini ya rangi ya fedha iliyofifia vinaweza kuwa na risasi, na hivyo mimi sivikatii chakula.

Ikiwa unanunua kipya kutoka kwa mhunzi

Kisu kipya kilichofuliwa kwa mkono huchunguzwa kwa maswali zaidi kuliko kwa macho. Muulize mhunzi ametumia chuma gani, ugumu wake ni kiasi gani kwa kipimo cha Rockwell, na unene wa ubapa ni upi pale juu kidogo ya makali. Mhunzi anayeijua kazi yake atajibu bila kutafuta maneno. Visu vya zamani vya Ulaya kwa kawaida vina ugumu wa 52 hadi 56 hivi, na ndiyo sababu hunolewa upesi na kupoteza makali upesi. Visu vingi vya Kijapani vya kufuliwa vina 60 hadi 65, hivyo hushika makali kwa muda mrefu lakini humeguka vikipotoshwa.

Vyuma viwili mashuhuri vya Kijapani huitwa karatasi nyeupe na karatasi ya buluu, majina yaliyotokana na rangi ya karatasi iliyofungia vyuma hivyo kiwandani. Cheupe ni chuma na kaboni bila nyongeza kubwa. Cha buluu kimeongezwa chromi na tungsteni ili makali yadumu zaidi. Kwa mtu anayejifunza kunoa, cheupe ni mwalimu mzuri kwa sababu kinaitika haraka kwenye jiwe.

Mawimbi yanayoonekana kwenye ubapa wa tabaka nyingi ni mazuri, lakini mara nyingi yamo katika chuma laini cha pembeni tu, na kinachokata ni kiini kilichofunikwa katikati. Yasikupandishie bei bila sababu. Ukishuku kwamba yamechapwa juu tu, tazama mgongoni: tabaka za kweli huendelea kupita mgongo na kutokea upande wa pili, na zilizochapwa huishia ukingoni.

Hatua ya nne: Ondoa kutu bila kuondoa historia

Anza na njia ya upole zaidi, uongeze nguvu pale tu inapokataa. Osha kisu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikaushe mara moja, kisha upake mafuta mepesi na ukiache usiku kucha. Asubuhi, laza wembe wenye makali upande mmoja karibu bapa juu ya chuma, ukikwangua kutu iliyolegea kuelekea upande mmoja tu. Wembe ulioinuliwa huchora, wembe uliolala hukwangua. Baada ya hapo tumia sufi laini ya chuma iliyolowa mafuta. Kizibo cha chupa kilichopakwa unga wa kusugulia ni chombo kizuri kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa ni laini vya kutosha kufuata umbo la ubapa na kigumu vya kutosha kusugua.

Sugua kwa kufuata mwelekeo wa mikwaruzo ya awali, ambayo kwa visu vingi vya Ulaya hukatiza ubapa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Usiguse eneo la alama. Alama iliyogongwa kwa kina huvumilia, ila ile iliyochorwa kwa asidi ni nyembamba kama wino, na msasa wa dakika moja unaifuta moja kwa moja.

Wako wanaotumbukiza kisu katika siki. Inafanya kazi, lakini siki haitofautishi kutu na chuma. Inakula vyote, na ubapa hutoka ukiwa na kijivu kilichochafuka ambacho hakina uhusiano na rangi ya uzee. Ukilazimika, kisimamie kisu kwa dakika chache chache, usikiache na kuondoka, kisha ukisuuze kwa maji yenye bikaboneti ya soda ili kuua uchachu.

Ile rangi ya kijivu na buluu iliyotulia iache ilivyo. Ni aina ya oksidi iliyoshikamana na chuma na inapunguza kasi ya kutu nyekundu, ambayo huvimba, hubanduka, na kukiacha chuma kipya kikiliwa. Kisu kilichong'arishwa kama fedha kimepoteza ngozi hiyo, na mara nyingi kimepoteza pia pembe kali za alama yake na sehemu ya thamani yake kwa wakusanyaji.

Hatua ya tano: Rudisha umbo la makali

Kwa kisu chenye bonde na shingo iliyochomoza, kazi inaanza kwenye shingo. Kibane kisu kati ya vipande viwili vya mbao kwenye jiliwa, makali yakitazama juu, ukiwa umeyafunika makali yaliyobaki kwa utepe mnene. Kwa tupa laini, au kwa jiwe la namba 120 hadi 220 (namba ikiwa ndogo, chembe za jiwe ni kubwa), punguza sehemu ya chini ya shingo hadi ipande juu ya mstari wa makali kwa milimita mbili hivi. Fanya taratibu na uitazame kutoka pande zote mbili ili isiegemee upande mmoja.

Ndipo ugeukie makali. Simamisha kisu wima juu ya jiwe la kukwaruza, makali yakigusa jiwe kama vile unalikata, na ukivute kwa urefu mara chache bila kukandamiza. Hatua hii inauma roho, kwa sababu unaondoa kwa makusudi makali yote yaliyokuwapo. Baada ya kila mivuto mitano, kiweke kisu kwenye ubao bapa na ujaribu kupitisha karatasi chini yake. Karatasi ikizuiwa kuanzia kisigino hadi mbele, bonde limekwisha. Kile ulichobakiwa nacho ni ukingo bapa unaong'aa, na sasa utaupunguza kutoka pembeni hadi ung'avu wote upotee.

Usitumie mashine ya kasi kwa kazi hii isipokuwa una mazoea nayo. Ikikubidi, shika ubapa kwa vidole vitupu na uuzamishe majini kila unapohisi uvuguvugu, kwa maana ncha hupata moto kabla ya sehemu nyingine na vidole vyako haviko hapo.

Hatua ya sita: Noa

Vinoo viwili vinatosha: kimoja cha namba 1000 au karibu na hapo, na kingine cha namba 3000 hadi 6000. Cha namba 220 hadi 400 ni cha matengenezo. Viloweke au uvinyunyizie maji kulingana na aina yake, na kabla ya kuanza hakikisha uso wa jiwe ni bapa. Jiwe lililobonyea katikati hufundisha makali ubonde uleule.

Pembe ya kunolea kwa visu vya zamani vya Ulaya ni nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Nyuzi hazionekani kwa macho, kwa hiyo zigeuze ziwe milimita. Ubapa wenye upana wa milimita 50 ukiinuliwa mgongo kwa milimita 13 juu ya jiwe unakaa kwenye nyuzi 15. Ukiinuliwa kwa milimita 17 uko kwenye nyuzi 20. Panga sarafu hadi zifike kimo hicho, laza mgongo juu yake, ukariri jinsi mkono unavyohisi, kisha uziondoe. Njia nyingine ni kupaka makali wino wa kalamu nene: baada ya mivuto mitatu, wino uliobaki unakuonyesha mahali jiwe lisipogusa. Wino ukibaki juu kabisa kwenye ukingo, inua mgongo kidogo. Ukibaki nyuma, karibu na mwili wa ubapa, ushushe.

Kandamiza kwa vidole viwili juu ya sehemu inayogusa jiwe, ukisogeza vidole kadiri kisu kinavyosonga, na uinue kiwiko kidogo unapofika kwenye mpindo wa ncha. Endelea upande huo huo hadi ukipapasa upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali na kamwe si kinyume chake, uhisi utepe mwembamba wa chuma uliojikunja kwa urefu wote. Utepe huo ndio ushahidi kwamba jiwe limefika ukingoni. Pasipokuwa nao, hujafika, hata kama umekaa hapo nusu saa. Geuza upande, rudia, kisha upunguze nguvu hatua kwa hatua hadi uzito wa kisu wenyewe utoshe. Kwenye jiwe la pili kazi ni kuung'oa utepe huo kwa mivuto myepesi ya kupokezana upande na upande.

Jaribu kwa nyanya iliyoiva, si kwa nywele za mkono. Kisu kizuri huingia kwenye ngozi ya nyanya bila kusukumwa.

Visu vya Kijapani vya upande mmoja, kama vile vya kukatia samaki mbichi au vya mboga vya kitaalamu, vina utaratibu mwingine: upande wa mbele hunolewa ukiwa umelala kwenye ule mteremko wake mpana, na upande wa nyuma, wenye mbonyeo, hulazwa bapa kabisa kwenye jiwe laini kwa mivuto michache tu. Anayeinua upande huo wa nyuma, hata kwa nyuzi tatu, amekigeuza kisu kuwa kitu kingine. Sishauri kuanza na aina hii.

Kati ya kunoa na kunoa, fimbo laini ya chuma inafaa kwa visu laini vya Ulaya, mivuto mitatu kila upande, ukianzia kisiginoni ili usichimbe lile bonde upya. Kwa chuma kigumu cha 60 na kuendelea fimbo ya chuma yenye mistari humegua makali. Tumia jiwe laini au kipande cha ngozi.

Mpini

Mpini mkavu ulio mzima unahitaji mafuta ya kitani yaliyopakwa kwa uchache, yakafutwa baada ya robo saa, na kurudiwa baada ya siku chache. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe vikauke, visikunjwe kwenye takataka, kwa sababu hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Ribiti iliyolegea inaweza kugongwa kwa nyundo ndogo juu ya chuma kigumu. Mpini uliooza ubadilishwe, na wa zamani utunzwe pamoja na kisu. Visu vya Kijapani vyenye mpini wa mbao nyepesi na noleo la pembe ya nyati vilikusudiwa kubadilishwa mpini tangu siku vilipotoka kwa mhunzi.

Hatua ya saba: Kitumie

Kisu cha chuma cha kaboni hakivumilii kusahauliwa. Weka kitambaa chenye unyevu kando ya ubao wa kukatia na ukifute kila unapohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, hasa baada ya ndimu, nyanya au kitunguu. Katika wiki za kwanza baada ya kusafishwa, ubapa utakipaka kitunguu weusi na kukiachia ladha ya chuma. Hali hiyo hupungua kadiri rangi ya kijivu inavyotanda. Kukata nyama iliyopikwa huleta rangi ya buluu nzuri haraka kuliko kitu kingine ninachokijua. Wanaopaka haradali ili kupata madoa ya kuvutia wanafanya urembo, na sina ugomvi nao.

Kata juu ya mbao au plastiki laini, kamwe si juu ya kioo, jiwe au sahani. Usikipitishe kwenye mifupa wala vitu vilivyoganda, na usikizungushe kikiwa kimenasa ndani ya boga. Ukikusanya vilivyokatwa kwenye ubao, geuza kisu utumie mgongo. Mashine ya kuoshea vyombo hupasua mpini, hushikisha kutu chini ya msuka na hugonganisha makali na sahani; kisu cha zamani kisiingie humo hata mara moja.

Hatua ya nane: Hifadhi na uandike

Kisu kinachotumika kila siku kinatosheka kwa kukaushwa. Kinachokaa wiki kadhaa kipakwe utando mwembamba wa mafuta ya madini yanayoruhusiwa kugusa chakula. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi ya rangi ya asali ambayo utalazimika kuikwangua. Ala ya ngozi inapendeza macho lakini hushika unyevu na asidi; itumie kusafiria tu, na ala ya mbao kavu ndiyo ya kuhifadhia. Kwenye ubao wa sumaku tangulia kuuweka mgongo, halafu ukilaze kisu, na wakati wa kukitoa anza kwa kuyainua makali ili yasigonge.

Kwa kila kisu weka ukurasa: urefu wa ubapa, uzito, nakala ya alama, namna kilivyopatikana, na kila ulichokifanya. Mimi hupima pia upana wa ubapa kisiginoni mara moja kwa mwaka, mahali palepale, kwa kipimo cha taya. Kisu changu cha Kifaransa cha sentimita 25 kiliingia kikiwa na milimita 44, na baada ya miaka sita ya kutumiwa karibu kila siku kina 43. Kikifika karibu na 35, vidole vitaanza kugonga ubao wakati wa kukatakata mboga, na hapo kitahamia upande mwingine wa meza, kikiwa kisu chembamba cha kukatia minofu.